Shajara ya mradi: draiva ya mizani ya magunia, na swali la nani mwenye kumbukumbu

8 Februari 2025: Lengo na vifaa

Mradi huu ni wa kuandika draiva ya Linux (programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa) kwa ajili ya mizani ya kupimia magunia katika ghala moja la nafaka lililopo Tandale, hapa Dar es Salaam. Ninaiweka shajara hii ili wenzangu wa kikundi chetu cha kujifunza, na yeyote atakayependa, waweze kuifuata kazi hatua kwa hatua au kuinakili. Mizani nimeiunda mwenyewe kwa vihisi vinne vya uzito, chipu ya HX711 inayogeuza mkazo wa vihisi kuwa namba ya biti 24, na bodi ndogo ya Raspberry Pi Pico inayotuma kipimo kwa waya wa USB mara kumi kwa sekunde. Waya huo unaingia kwenye Raspberry Pi 4 yenye programu ya kuandika vipimo kwenye faili. Ukiacha Raspberry Pi 4, ambayo nilikuwa nayo tayari, vifaa vyote nilivinunua Kariakoo kwa shilingi 118,000, pamoja na bati la kusimamishia mizani.

Kazi hii ingeweza kufanyika bila kugusa kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia kumbukumbu na vifaa vyote, kwa kutumia maktaba ya libusb katika programu ya kawaida, na kwa mtu anayetaka vipimo tu hiyo ndiyo njia ninayomshauri. Nimechagua kerneli kwa sababu ninachotaka kujifunza na kukionyesha ni umiliki wa vielekezi, yaani vigeugeu vinavyoshika anwani za kumbukumbu, na hakuna mahali ambapo jambo hilo lina uzito kama huko. Programu ya kawaida ikigusa kumbukumbu isiyo yake, kerneli huisimamisha na kompyuta huendelea na shughuli nyingine. Kerneli yenyewe ikikosea, hakuna aliye juu yake wa kuizuia.

Toleo la kwanza la draiva lina mistari isiyozidi 300 ya lugha ya C. Kifaa kinapochomekwa, fankshoni ya probe hutenga muundo mmoja unaoitwa mz kwa devm_kzalloc, hutenga akiba ya baiti 64 ya kupokelea pakiti, hutuma ombi la USB, yaani URB, kisha husajili faili la /dev/mizani0. Programu inayosoma faili hilo husubiri kwenye foleni iliyomo ndani ya mz hadi kipimo kipya kifike. Niliipenda devm_kzalloc kwa sababu kumbukumbu inayotengwa nayo hurudishwa yenyewe kifaa kinapoachana na draiva, nikaamini kwamba suala la nani atairudisha limekwisha kabla sijaanza.

23 Februari 2025: Kujenga kerneli

Hatua hii ni ya kawaida, kwa hiyo nitataja makosa tu. Nilianza kwa kupakua hazina yote ya msimbo wa Linux pamoja na historia yake, na bando la wiki likaisha kabla upakuaji haujafika mwisho. Kwa kuongeza --depth 1 kwenye amri ya git nilipata toleo la 6.13 peke yake kwa sehemu ndogo ya ukubwa ule. Kosa la pili lilikuwa kutumia mipangilio ya usambazaji mzima, yenye maelfu ya moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa vinapohitajika) nisizozihitaji: kompyuta yangu mpakato ya kori nne ilifanya kazi tangu asubuhi, umeme ukakatika alasiri, betri ikaisha kabla ya kazi. Amri ya make localmodconfig, ambayo hubakiza moduli zinazotumika kwenye mashine husika tu, ilipunguza muda hadi chini ya saa moja. Taarifa za utatuzi nazo zilijaza diski, nikalazimika kuhamishia ujenzi kwenye diski ya nje. Gharama ya hatua hii ni shilingi 35,000 za bando, ambazo mtu mwingine hana haja ya kuzirudia.

10 Machi 2025: Tandale, mashine inaganda

Nyumbani Sinza draiva ilikuwa imefanya kazi wiki mbili bila dosari. Nimeipeleka ghalani leo asubuhi, tukapima magunia kama arobaini ya mahindi, nami nikaondoka nikiwa na uhakika. Saa nane mchana nilipigiwa simu kwamba skrini imeganda na hakuna kitufe kinachoitika. Nilirudi, nikazima na kuwasha, vipimo vyote vilivyokuwa havijaandikwa kwenye kadi vikapotea, na mama mwenye ghala akalazimika kupima upya shehena ya mteja aliyekuwa amekwisha kuipanga garini.

Kijana mmoja wa kupakia magunia alinifuata pembeni akaniambia, "Samahani kaka, nilichomoa ule waya nichaji simu dakika mbili tu, kisha nikaurudisha." Nilimshukuru kwa dhati, kwa sababu alikuwa amenipa taarifa ambayo nisingeipata kwa njia nyingine. Waya wa USB umetengenezwa ili uchomolewe, na draiva isiyostahimili kuchomolewa waya haijakamilika. Nyumbani nilikuwa na mazoea ya kufunga programu kwanza ndipo nichomoe, na kwa mazoea hayo nilikuwa nimeipima draiva katika hali moja pekee ambayo haiwezi kuonyesha kosa lake.

16 Machi 2025: KASAN inasema ukweli

Jioni baada ya futari nimejenga kerneli ya pili yenye KASAN, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu kilichoingizwa katika Linux 4.0 mwaka 2015. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, huongeza ukaguzi kabla ya kila usomaji na uandishi, na kwa kila baiti nane za kumbukumbu huwekwa baiti moja ya kivuli inayoeleza kama baiti hizo zinaruhusiwa kuguswa. Gharama yake ni sehemu moja ya nane ya kumbukumbu yote, pamoja na kasi kushuka kwa namna inayoonekana. Niliiwasha ndani ya mashine pepe ya QEMU, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta, yenye gigabaiti mbili na kuipitishia mizani halisi. Faida ya QEMU ni kwamba amri ya device_del huichomolea mashine pepe kifaa bila mimi kugusa waya, kwa hiyo jaribio linaweza kurudiwa mara mia bila kuchosha tundu la USB.

Nilifungua faili, nikaacha programu ikisubiri, nikachomoa. Ripoti ilitoka papo hapo, ikianza kwa maneno slab-use-after-free in mizani_read, yaani mizani_read imegusa kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Thamani ya ripoti hizi iko katika sehemu zake tatu: nani amegusa, nani alitenga, na nani alirudisha. Aliyetenga alikuwa mizani_probe, jambo nililolitarajia. Aliyerudisha hakuwamo kabisa katika msimbo wangu. Orodha ilipanda kutoka kfree hadi devres_release_all, hadi usb_disconnect, hadi hub_event. Yaani ile devm niliyoipenda ilifanya kile ilichoahidi: kifaa kilipoondoka, ilirudisha kumbukumbu iliyofungamana na kifaa. Haikujua, wala haikuwa kazi yake kujua, kwamba programu fulani bado imelala kwenye foleni iliyomo ndani ya kumbukumbu hiyo.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini Tandale mashine iliganda baada ya waya kurudishwa na si ulipochomolewa. Kigawa kumbukumbu cha SLUB hupenda kutoa kwanza kipande kilichorudishwa mwisho. Mizani iliporudishwa, probe ilitenga mz mpya, na inaelekea ikapewa anwani ileile ya zamani. Foleni ikaanzishwa upya, huku programu ya zamani ikiwa bado ina kielekezi kinachofika humo. Ni sawa na mpangaji aliyehama akabaki na ufunguo, na chumba kikapangishwa kwa mwingine: ufunguo unafungua, hakuna kinachoonekana kuharibika mlangoni, lakini vitu vilivyomo ndani si vyake.

22 Machi 2025: Suluhisho la kwanza, lililoshindwa

Nimepoteza siku nne kwa suluhisho ambalo nimeliona pia katika msimbo wa watu wengi, kwa hiyo ninalieleza kwa urefu. Niliongeza alama ndani ya mz iitwayo kimechomolewa, nikaifanya disconnect, fankshoni inayofanya kazi kifaa kinapochomolewa, iiweke kuwa kweli, na nikaifanya read, inayohudumia usomaji wa faili, iikague kabla ya kuendelea. KASAN ilitoa ripoti ileile, mstari mmoja juu zaidi, pale kwenye ukaguzi wenyewe. Alama ilikuwa ndani ya kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Nilikuwa nimebandika tangazo la kubomolewa kwa nyumba kwenye ukuta wa nyumba ileile.

Nikaihamishia alama nje, katika kigeugeu cha moduli nzima. Ripoti zikapungua bila kwisha. Kati ya wakati ambapo read inakagua alama na wakati ambapo inagusa mz, disconnect inaweza kuingia na kumaliza kazi yake kwenye kori nyingine. Katika majaribio 200, kosa lilijitokeza mara tatu tu, na hilo ni baya kuliko kujitokeza kila mara, kwani mtu mwenye haraka angeyaona majaribio 50 safi akaiona kazi imekwisha. Ukaguzi wa aina hii hujibu kama kitu kilikuwapo muda mfupi uliopita. Draiva inahitaji uhakika kwamba kitu hakitaondoka wakati kinatumika, na uhakika huo hutolewa na mwenye kitu peke yake.

5 Aprili 2025: Daftari la umiliki na kref

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami kabla ya kuandika msimbo tena nilichukua daftari la kawaida nikaandika kila kielekezi kilichomo katika draiva: ni nani mwenye kumbukumbu inayoelekezwa, ni nani ameazima, na kuazima huko kunakoma lini. Vilikuwa vielekezi kumi na moja tu. Kwa vinne sikuweza kujaza safu ya mwisho, na vyote vinne baadaye vilionekana kuwa na kasoro. Kimojawapo kilikuwa kielekezi cha kifaa cha USB chenyewe, nilichokuwa nimekihifadhi bila kuita usb_get_dev, yaani nilikuwa nimekiazima kwa muda wa probe na kukitumia maisha yote.

Muundo wa mz una wenye hisa wawili ambao hakuna anayejua ni yupi ataondoka mwisho: kifaa kilichochomekwa na faili lililofunguliwa. Kwa hali hiyo kerneli ina kref, hesabu ya marejeo. Sasa mz hutengwa kwa kzalloc ya kawaida, isiyofungamana na kifaa. Open, faili linapofunguliwa, huongeza hesabu, release, linapofungwa, hupunguza, disconnect nayo hupunguza, na yeyote anayeifikisha sifuri ndiye anayerudisha kumbukumbu. Mpangilio wa disconnect ulinichukua majaribio mawili, na huu ndio ulio sahihi:

    misc_deregister(&mz->misc);
    mutex_lock(&mz->kufuli);
    mz->kimechomolewa = true;
    mutex_unlock(&mz->kufuli);
    usb_kill_urb(mz->urb);
    wake_up_all(&mz->foleni);
    kref_put(&mz->hesabu, mizani_rudisha);

Mara ya kwanza niliiweka kref_put juu kabisa, nikiamini kwamba kuondoa hisa ni jambo la kufanya mapema. Kosa likarudi kupitia mlango wa open. Kerneli huita open ya faili la aina hii ikiwa imeshika kufuli la misc_mtx, linaloshikwa na mmoja tu kwa wakati, na misc_deregister nayo hulihitaji kufuli hilohilo. Kwa hiyo misc_deregister ikishamaliza, tuna hakika hakuna open iliyo katikati wala itakayokuja. Ukipunguza hesabu kabla ya hapo, open inaweza kuongeza hesabu ya kitu kilichokwisha kufika sifuri.

Kuna jambo la kuangaliwa kwenye njia za makosa. Katika open nilikuwa na sehemu moja inayotoa jibu la kosa -EBUSY (kifaa kinatumika) bila kupunguza hesabu niliyokwisha kuiongeza. Matokeo yake yanaonekana madogo, kumbukumbu isiyorudishwa tu, lakini mwaka 2016 kosa la namna hiyohiyo katika sehemu ya kerneli inayotunza funguo, lililopewa namba CVE-2016-0728 katika orodha ya kasoro za usalama, liliruhusu hesabu ya biti 32 kuongezwa hadi ikazunguka na kurudi sifuri, na kumbukumbu iliyokuwa bado inatumika ikarudishwa. Tangu Linux 4.11 ya mwaka 2017, kref hutumia refcount_t, ambayo ikikaribia kuzunguka hubaki juu na kutoa onyo badala ya kurudi sifuri. Kinga hiyo ninaishukuru, ila kosa langu nimelisahihisha.

Majaribio 500 ya kuchomoa katika QEMU yamepita bila ripoti yoyote.

19 Aprili 2025: Mfuko wa sukari ndani ya kumbukumbu

Masika yamenifungia ndani, nikaunda mizani ya pili ndogo kwa shilingi 46,000 ili kujaribu mbili kwa pamoja. Kuichomeka kulifichua kosa ambalo sikulitegemea. Draiva husajili jina mizani0 kwa kila kifaa, hivyo usajili wa mizani ya pili ulikataliwa kwa sababu jina limekwisha kuchukuliwa, na probe ikaingia katika njia ya makosa ambayo haijawahi kupitiwa hata mara moja.

Siku hiyo nilikuwa natumia kerneli isiyo na KASAN, lakini niliyoiwasha kwa slub_debug=FZP. Kwa chaguo hilo, SLUB hujaza kila kipande kilichorudishwa kwa baiti 6b na kukimalizia kwa a5, kisha hukagua kama zimebaki hivyo kabla ya kukigawa tena. Baada ya dakika moja ilitoka ripoti ya Poison overwritten kwa kipande cha baiti 64, na mstari wake wa kwanza ulikuwa huu:

    4d 5a 91 00 d3 07 00 00 6b 6b 6b 6b 6b 6b 6b 6b

Nilizitambua baiti nane za mwanzo mara moja. 4d na 5a ni herufi M na Z ninazoanzia kila pakiti, mbili zinazofuata ni namba ya mfuatano, na d3 07 00 00, ikisomwa kuanzia baiti ndogo, ni 2003. Juu ya mizani ya pili kulikuwa na mfuko wa sukari wa kilo mbili. Uzito wake, gramu 2003, ulikuwa umeandikwa ndani ya kumbukumbu ambayo nilikuwa nimekwisha kuirudisha kwa kerneli.

Chanzo ni kwamba URB ilitumwa kabla ya usajili wa faili. Usajili uliposhindikana, njia ya makosa ilirudisha ile akiba ya baiti 64 huku URB ikiwa bado mikononi mwa kidhibiti cha USB, ambacho kiliendelea kuandika humo kila pakiti ilipofika. URB nilikuwa nimeipa hisa yake katika mz, kwa hiyo mz ilibaki hai na kila kitu kilionekana kuwa sawa. Akiba yenyewe haikuwa na mwenyewe katika daftari langu, kwa kuwa niliihesabu kama sehemu ya mz. Jambo hili ninaomba lishikwe vizuri: KASAN hukagua msimbo uliopitia kwenye kompaila. Kidhibiti kinachoandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu hakipiti huko, na uandishi wake KASAN haiuoni. Ningekuwa na KASAN siku ile, ningeonyeshwa usomaji wa draiva yangu tu, na pengine ningelisahihisha hilo na kuliacha kosa lenyewe.

Sasa akiba inamilikiwa na URB kwa maandishi. Hairudishwi mahali popote pasipotanguliwa na usb_kill_urb, ambayo husubiri hadi kidhibiti kiachie kabisa. URB nayo hutumwa faili linapofunguliwa mara ya kwanza, na si ndani ya probe.

3 Mei 2025: cleanup.h

Njia za makosa zilikuwa na lebo saba za goto, yaani alama za kurukia ndani ya fankshoni. Tangu Linux 6.5 ya mwaka 2023, faili la cleanup.h linaruhusu kuandika __free(kfree) kando ya kielekezi, na kumbukumbu ikarudishwa yenyewe kielekezi kinapotoka katika eneo lake. Nimebaki na lebo mbili. Makosa niliyoyafanya ni mawili: kutokianzisha kielekezi kwa NULL (anwani tupu), hivyo kurudi mapema kukairudisha anwani ya ovyo, na kukabidhi kumbukumbu kwa mz bila kupitia no_free_ptr, nikawa nimekabidhi mali huku hati ikibaki kwangu, na fankshoni ilipokwisha ikairudisha mali ambayo si yangu tena. Makosa yote mawili kompaila ya C iliyapitisha bila neno.

31 Mei 2025: Foleni ya vipimo kwa Rust

Rust, lugha ya programu ambayo kompaila yake hukagua umiliki wa kumbukumbu, ilikubaliwa katika kerneli kwa toleo la 6.1, Desemba 2022. Sikuandika upya draiva nzima. Nilichukua foleni ya vipimo peke yake na kuifanya kifaa kidogo kinachojitegemea kwa kutumia MiscDevice ya toleo la 6.13, njia ya Rust ya kuunda faili la kifaa kama /dev/mizani0. Kwa kuwa hiyo haikuwa na read, nilitumia ioctl, yaani amri maalumu zinazotumwa kwa faili la kifaa. Amri ya make LLVM=1 rustavailable hueleza ni zana gani inakosekana, na kupakua zana zote kulinigharimu shilingi 15,000 nyingine za bando.

Kisha nilijaribu kwa makusudi kuyarudia makosa yangu. Nilikabidhi kipande cha kipimo kwa foleni na kukisoma baada ya hapo: kompaila ilikataa kwa kosa E0382, ikaonyesha mstari ambapo umiliki ulihama na mstari ambapo nilijifanya bado ninao. Siku nne za Machi zilirudi akilini. Lile daftari langu la safu tatu, ambalo katika C liko mezani na linaweza kupitwa na wakati bila mtu kujua, hapa limo ndani ya msimbo na hukaguliwa kila unapojengwa.

Hata hivyo si kila kosa linakataliwa. Nilifanya foleni imshike msomaji kwa Arc, hesabu ya marejeo ya Rust, na msomaji aishike foleni kwa Arc, na wote wawili hawakurudishwa kamwe, kwa kuwa kila mmoja alishikilia hesabu ya mwenzake. Kompaila haikulalamika, kwani kumbukumbu isiyorudishwa haihesabiwi kuwa uvunjaji wa usalama wake. Kmemleak, chombo cha kerneli cha kutafuta kumbukumbu isiyorudishwa, ndiyo iliyoonyesha. Nimeufanya upande wa foleni uhifadhi namba ya msomaji badala ya kumshika.

14 Juni 2025: Kurudi Tandale

Draiva ya C yenye marekebisho yote imefungwa ghalani leo. Nilimwomba yule kijana achomoe waya mwenyewe wakati programu inasoma, naye akafanya hivyo mara ishirini, baadhi kwa taratibu na baadhi kwa kuukwanyua. Kila mara programu ilipata ENODEV (kifaa hakipo), ikafunga faili, ikasubiri sekunde mbili na kulifungua upya. Nimeongeza pia kichwa cha kuchajia simu chenye matundu mawili, shilingi 12,000, pembeni ya mizani.

Jumla ya matumizi hadi sasa ni shilingi 226,000. Kinachofuata ni kuipa kila mizani namba yake, kwa sababu jina mizani0 bado limeandikwa ndani ya msimbo, na mama mwenye ghala ameagiza mizani ya pili kwa ajili ya mchele.